Picha ya Visiki

Ndugu wapendwa, mtu akiteremka kutoka Tibirinzi hadi hori ya Chake Chake, maji yakiwa yamekupwa, akapiga picha mahali palipokatwa mikoko, atapata visiki na tope. Samaki hawamo pichani. Lakini katikati ya mizizi ile ndipo samaki wachanga, kamba na kaa walipojificha na kupata chakula. Mizizi ikiondoka, tope huchukuliwa na maji, likafunika nyasi za baharini na matumbawe. Naye mvuvi hurudi na dema tupu.

Tukiitazama picha hiyo twauliza upesi: ni nani aliyeshika shoka? Basi tumkumbuke mfalme Daudi. Nabii Nathani alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu. Kumbe alijihukumu mwenyewe.

Mkata mikoko, ambaye mara nyingi ni maskini, hukata kwa sababu yuko anunuaye. Picha haimwonyeshi yule aketiye chini ya boriti zile, wala jiko lililowashwa kwa kuni zile, wala ukuta uliopakwa chokaa iliyochomwa kwazo. Pengine ni mimi.

Wapendwa, juma hili kila mmoja aulize boriti, kuni na chokaa ya nyumbani mwake vimetoka wapi. Mvuvi alalaye njaa, awe Mwislamu au Mkristo, ni jirani yetu. Naye Mungu alituweka bustanini tuilime na kuitunza.