Alipiga au Alipigwa? Ukusanyaji wa Picha za Warembo na Ushahidi wa Kiswahili



Huenda mada yangu imewashangaza baadhi yenu, kwani picha za warembo hazikuzoeleka katika mihadhara ya Kiswahili. Hata hivyo, lugha yetu ina jambo la kumfundisha mkusanyaji wa picha hizo, na jambo lenyewe limo ndani ya kitenzi kimoja tu: kupiga.

Nianze na msamiati. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mwanamke mzuri: mrembo, kisura, kidosho, mlimbwende, kipusa. Jina hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Kipusa ni pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani iliyosafirishwa na kuuzwa ng'ambo. Baadaye neno hilo likahamishiwa kwa msichana mzuri. Basi wazo la uzuri kuwa kitu cha kutafutwa, kununuliwa na kuhifadhiwa limekwishaingia katika lugha kabla ya mkusanyaji kufungua sanduku lake.

Picha za ukutani za Uingereza

Huko Uingereza kuna watu wanaokusanya picha na majarida ya warembo ya miaka ya 1940 na 1950, yaliyokusudiwa kutazamwa na wanaume na kubandikwa ukutani. Aghalabu bei hufuata usafi wa karatasi na umaarufu wa sura. Lakini wakusanyaji makini huuliza zaidi: huyu ni nani, na alipata nini?

Christabel Leighton-Porter alikuwa kielelezo cha Jane, mhusika wa katuni iliyochapishwa katika gazeti la Daily Mirror kuanzia 1932 hadi 1959 na kupendwa sana na askari wa Vita Kuu ya Pili. Pamela Green, aliyezaliwa 1929 na kufariki 2010, alianza kuwa kielelezo alipokuwa mwanafunzi wa sanaa mjini London. Mwaka 1957 yeye na mpigapicha Harrison Marks walianzisha jarida la Kamera. Green hakuwa sura tu ya jarida hilo. Alikuwa mshirika katika biashara. Tunayajua haya kwa sababu majina yalihifadhiwa pamoja na picha.

Kadi za posta za pwani yetu

Sasa tugeukie kwetu. Katika karne ya 19 wapigapicha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walifungua studio Zanzibar. Kutokana na kazi za studio za pwani zilipatikana kadi za posta zenye sura za wanawake waliopambwa kwa vipuli, mikufu na kanga, zikanunuliwa na wasafiri na kupelekwa Ulaya. Leo kadi hizo hutafutwa sana na wakusanyaji. Mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za kati ya 1860 na 1960, umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Maelezo yaliyochapwa kwenye kadi, kwa Kiingereza au Kijerumani, mara nyingi humtaja mwanamke kwa kabila au mahali, wala si kwa jina lake. Hapa pana kinaya. Maandishi ya kanga tunayaita jina la kanga. Nguo ina jina, aliyeivaa hana.

Mfano wa kinyume ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866. Picha yake mashuhuri, akiwa amevaa mavazi ya nasaba yake, ilipigwa studioni Hamburg. Haikubaki picha ya "mwanamke wa Unguja" tu, kwa kuwa mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na jina lake likaifuata picha.

Studio ya Mwanhuzi

Hoja yangu haikuzaliwa maktabani. Ilizaliwa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Katika nchi hiyo ya pamba, msimu wa mauzo ulikuwa pia msimu wa studio. Bibi mmoja alinifunulia bahasha iliyofungwa ndani ya kitenge. Ndani mlikuwa na picha yake ya ujana: gauni fupi, viatu vya kisigino, mkono kiunoni, na nyuma yake pazia lililochorwa bahari ambayo hakuwa ameiona.

"Nilipiga picha hii tulipouza pamba," akasema.

Nikamuuliza, "Bibi, nani alikupiga?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, nimekwambia nilipiga mimi. Yule kijana alishika mashine tu."

Wanaisimu wenzangu, jibu hilo ni sarufi kamili. Katika Kiswahili cha kila siku, anayekwenda studio husema "nakwenda kupiga picha", ingawa kamera imo mikononi mwa mwingine. Kiima ni yule aliyechagua gauni, akalipa na kusimama atakavyo. Kauli ya kutendwa, "nilipigwa picha", tunayo pia, na mara nyingi hudokeza kwamba msemaji hakuombwa wala hakujiandaa. Tofauti hii hubebwa na kiambishi kimoja, na ndani yake mna suala zima la hiari.

Kwa hiyo napendekeza mkusanyaji aikabili kila picha kwa swali hili: alipiga au alipigwa? Pamela Green alipiga. Salme, kwa kadiri ya ushahidi wa maisha yake, alipiga. Wanawake wengi wa kadi za posta tutasema walipigwa, mpaka ushahidi utuonyeshe vingine. Na ushahidi mara nyingi uko nyuma ya karatasi, mahali ambapo mnunuzi wa sura haangalii: jina, tarehe, muhuri wa studio, neno la mapenzi. Asiyeyanakili maandishi hayo ameokoa karatasi na kumpoteza mtu.

Hitimisho

Wanafunzi wangu, albamu za namna hiyo zimo majumbani mwenu, na waliopiga picha zilizomo wanazeeka. Nendeni mkawaulize wangali hai. Andikeni maneno yao kama walivyoyasema, na ombeni ruhusa kabla ya kunakili chochote.

Mmeona kwamba sikuleta picha hata moja ukumbini. Nilimwomba bibi yule ruhusa ya kuwaonyesha yake. Alitafakari, akakataa, akasema picha ile ni ya nyumbani. Kisha akampa mjukuu wake kalamu, akamwelekeza kuandika nyuma yake jina lake kamili na mwaka. Picha ikarudi ndani ya kitenge. Nadhani huo ndio ukusanyaji bora nilioushuhudia.