Lugha na Haki katika Usahihishaji wa Mitihani ya Fizikia



Mtahiniwa wa Kidato cha Nne anaulizwa, kwa Kiingereza, ni nini kitatokea katika saketi endapo waya mfupi utaondolewa na badala yake ukawekwa mrefu zaidi wa aina ileile na unene uleule, ilhali betri haikubadilishwa. Anajibu kwa Kiingereza anachokiweza. Maneno yake, yakirejeshwa katika Kiswahili alichokiwazia, yanasema: umeme utakuwa mdogo kwa sababu waya ni mrefu. Tuseme swali lina alama mbili, moja kwa kutaja kwamba mkondo wa umeme utapungua, na ya pili kwa kueleza kwamba ukinzani umeongezeka. Msahihishaji ampe ngapi?

Wengi watadhani kwamba hili ni swali la fizikia. Sivyo. Msahihishaji anaijua fizikia ya saketi hiyo tangu ujana wake, na hakuna anachobishana nacho humo. Linalomkwamisha ni maana ya neno moja. Katika Kiswahili cha kila siku umeme ni mkondo, ni volteji, ni nishati, na ni huduma inayolipiwa kila mwezi. Umeme hukatika, hurudi, huisha. Na mtu anaposema nyumbani kwake kuna umeme mdogo, aghalabu anamaanisha kwamba volteji imeshuka na taa zinafifia. Mtahiniwa aliyeichukua dhana hii yote na kuitia katika neno moja la Kiingereza ameandika sentensi yenye tafsiri mbili. Kwa tafsiri ya kwanza, mkondo umepungua, naye amepata. Kwa tafsiri ya pili, volteji ya betri imepungua, naye amekosa.

Madai ya mhadhara huu ni kwamba msahihishaji wa fizikia hufanya kazi ya mwanasemantiki kila anapofungua kijitabu cha majibu, na kwamba sehemu kubwa ya haki anayomtendea au kumnyima mtahiniwa imo katika kazi hiyo ambayo hakufunzwa.

Uzito wa jambo hili haufichiki. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali Tanzania tangu 1967. Mtoto husoma sayansi kwa lugha hiyo kwa miaka yote ya msingi, kisha anaingia sekondari ambako fizikia hufundishwa, huulizwa na hujibiwa kwa Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishiwe hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania zimetaja mara kwa mara udhaifu wa Kiingereza kuwa miongoni mwa sababu za kufanya vibaya. Mjadala wa lugha ya kufundishia umeandikwa sana na hautarudiwa hapa. Kinachoulizwa ni kidogo zaidi: madhali mtihani uko hivyo ulivyo, na kijana aliyefeli fizikia hatasomea uhandisi wala udaktari, alama yake itolewe kwa haki namna gani?

Ipo imani kwamba masomo ya namba yamesalimika na matatizo haya, kwamba insha ndiyo yenye utata na hesabu haina. Mwaka 1913 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwapelekea walimu zaidi ya 100 wa hisabati nakala za karatasi moja ya majibu ya jiometri. Alama walizorudisha zilianzia chini ya 30 na kuvuka 90 kwa mia. Karatasi ilikuwa ileile. Baadhi ya walimu walikata alama kwa uchafu wa kazi, wengine hawakujali. Baadhi walitaka hatua zote zionekane, wengine walitosheka na jibu. Ni kwa sababu ya hatari ya aina hii kwamba mabaraza ya mitihani hutumia mwongozo wa kusahihishia, huwakutanisha wasahihishaji kabla ya kazi ili wasahihishe majibu machache ya majaribio na kulinganisha alama, na huficha jina la mtahiniwa nyuma ya namba. Pale ambapo kila msahihishaji hupewa swali moja tu, kijitabu kikapita mikononi mwa wengi, ukali wa mtu mmoja haumwangukii mtahiniwa mmoja katika karatasi nzima.

Taratibu hizi ni njema, na upande wa hesabu zimefika mbali. Chukua swali hili. Dafu lenye tungamo la kilogramu 2 linaanguka kutoka juu ya mnazi, kimo cha mita 20. Mchapuko wa mvutano ni mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta kasi yake linapofika chini, kisha nishati mwendo yake. Mraba wa kasi ni 2 mara 10 mara 20, yaani 400. Kasi ni mita 20 kwa sekunde. Nishati ni jouli 400. Mtahiniwa mmoja anasahau kutafuta kipeuo cha pili. Anaandika kwamba kasi ni mita 400 kwa sekunde, anaichukua namba hiyo katika sehemu ya pili, na kwa kanuni sahihi na hesabu isiyo na dosari anapata jouli 160,000. Mwongozo ulioandikwa vizuri humkata kosa hilo mara moja tu. Alama ya kasi ameipoteza. Alama za nishati anazipata, kwa kuwa alichoulizwa hapo ni iwapo anajua kutoka kwenye kasi kwenda kwenye nishati, na amedhihirisha kwamba anajua. Wapo wanaolalamika kwamba dafu lililozidi mwendo wa sauti hewani, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, lilipaswa kumshtua mwenyewe. Ni kweli lilipaswa. Lakini swali halikumtaka ashtuke, na msahihishaji hana ruhusa ya kutoza faini kwa sheria ambayo haikutangazwa.

Mtahiniwa mwingine haitafuti kasi kabisa. Anazidisha 2 kwa 10 kwa 20, anapata 400 moja kwa moja, na kueleza kwamba nishati tuli yote imegeuka kuwa nishati mwendo. Njia yake haimo katika mwongozo. Anastahili alama zote za sehemu ya pili, na msahihishaji anayemnyima kwa sababu hakupita njia iliyochapwa amesahau kwamba mwongozo ni mtumishi wa swali.

Hapa yafaa kukumbuka kisa kilichosimuliwa na Alexander Calandra, mwalimu wa fizikia wa Marekani, katika jarida la Saturday Review mwaka 1968. Mwanafunzi aliulizwa jinsi ya kujua kimo cha jengo refu kwa kutumia barometa. Mtunzi wa swali alitarajia tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya chini na juu. Mwanafunzi aliandika kwamba barometa ifungwe kamba, iteremshwe kutoka paani hadi ardhini, kisha kamba ipimwe. Mwalimu wake alitaka kumpa sifuri. Mwanafunzi alidai alama zote. Calandra, akiitwa kuamua, alimpa nafasi ya pili na kumwonya kwamba jibu lionyeshe fizikia. Safari hii kijana akasema ataiangusha barometa na kupima muda wa kuanguka. Kisa hiki kimezunguka duniani kikiwataja Rutherford na Bohr, ambao hawahusiki nacho. Kwa mwanaisimu kiini chake ni cha kipragmatiki: swali lilisema jambo moja, mtunzi alikusudia jingine, na mtahiniwa alijibu lililosemwa. Anayepaswa kulipa gharama ya pengo hilo ni mtunzi.

Lakini katika mitihani ya Afrika Mashariki pengo hukaa zaidi upande wa pili, kati ya alichosema mtahiniwa na alichokusudia. Huko miongozo haijafika mbali kama ilivyofika katika hesabu. Neno nguvu hubeba dhana ambazo fizikia huzitenga: kani, nishati, na kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde. Joto ni kile kinachopita kutoka kitu cha moto kwenda kwenye cha baridi, na ndilo pia hutajwa tunaposema joto la leo ni nyuzi 32. Uzito hupimwa sokoni kwa kilo, hali mwalimu wa fizikia anasema kilo ni za tungamo na uzito ni kani. Kuhusu kazi, mwambie mchukuzi wa bandarini aliyesimama na gunia kichwani kwa nusu saa kwamba gunia hilo halijafanyiwa kazi yoyote, uone kama atakuelewa au atakutukana. Wataalamu wa istilahi walilitambua tatizo hili zamani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa juhudi ya kuipa kila dhana jina lake, na neno halijoto limeshaingia hata katika taarifa za hali ya hewa. Hata hivyo istilahi haifuti lugha ya nyumbani. Mtahiniwa akiwa na dakika kumi zilizobaki haandiki kutoka kwenye kamusi.

Je, basi asamehewe kila anapochanganya? La. Atakayesema kwamba joto na halijoto ni kitu kimoja amekosa fizikia, na angekosa kwa lugha yoyote ile. Huruma isiyo na mpaka ni dhuluma kwa jirani yake aliyejifunza tofauti hiyo. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kuitazama sentensi nzima kabla ya kulihukumu neno. Turudi kwenye waya. Kama mtahiniwa ameandika tu kwamba umeme utakuwa mdogo, utata haukutatuliwa, na alama ya kwanza haipatikani. Kama ameandika kwamba umeme unaopita utakuwa mdogo, kitenzi kimeshamaliza ubishi: volteji haipiti katika waya, kinachopita ni mkondo. Alama ni yake. Ama sababu aliyoitoa, kwamba waya ni mrefu, imekwishatajwa katika swali lenyewe. Bila ya neno lolote la kuonyesha kwamba waya mrefu huzuia zaidi, alama ya pili haipo. Akiandika kwamba waya mrefu unaukatalia umeme, ameeleza ukinzani kwa maneno ya kwao, na anayemnyima anamnyima kwa kukosa istilahi, si kwa kukosa maarifa.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi. Kitabu kiko juu ya meza. Taja kani mbili zinazohusika kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton. Kiswahili kina chombo kizuri sana cha kutenga mtenda na mtendwa: kiambishi -w-. Kitabu kinasukuma meza. Kitabu kinasukumwa na meza. Hakuna mtoto wa miaka mitano anayekosea hapo. Kiingereza huhitaji kitenzi kisaidizi, umbo jingine la kitenzi na kihusishi, na mtahiniwa dhaifu huviangusha viwili kati ya hivyo vitatu. Kinachobaki katika karatasi ni kitabu, sukuma, meza, bila kujulikana nani anamsukuma nani. Na katika kanuni ya tatu ya Newton, nani anamsukuma nani ndiyo fizikia yenyewe. Sentensi ya aina hiyo haiokoleki kwa kusomwa kwa wema. Msahihishaji akiichagulia maana, ni yeye aliyejibu. Kinachoweza kuokoa ni mchoro. Mshale mmoja ulioelekea chini juu ya meza na mwingine ulioelekea juu kwenye kitabu, kila mmoja ukionyesha umetoka wapi, unasema yote ambayo sarufi ilishindwa kusema. Mwongozo unaodai maelezo ya maneno peke yake mahali ambapo mchoro ungetosha unapima Kiingereza na kuandika matokeo katika safu ya fizikia. Mtunzi akiongeza maneno mawili tu, yaani waweza kuchora, kosa hilo limeondoka kabla ya mtihani kufanywa.

Haya yote yana wakati wake. Mkutano wa kulinganisha alama, kabla ya vijitabu kufunguliwa, ndipo mahali pa kuamua umeme utasomwaje, nguvu itakubaliwa katika swali lipi na kukataliwa katika lipi, na mchoro una thamani gani pale maneno yanapogoma. Maamuzi hayo yaandikwe katika mwongozo kwa sentensi halisi zilizokutwa katika majibu ya majaribio, maana orodha ya istilahi tupu haimsaidii anayesoma sentensi. Na mezani pawepo angalau mtu mmoja aliyesomea Kiswahili, anayeweza kueleza sentensi ya Kiingereza kilichovunjika ilitokea wapi. Jambo hilo likiachwa mpaka siku ya tatu, msahihishaji mmoja akalizusha na kiongozi wake akakubali, watahiniwa waliosahihishwa siku mbili za kwanza watakuwa wamehukumiwa kwa sheria nyingine, na vijitabu vyao vimeshafungwa kamba na kurudishwa stoo.