Daftari la Kikomo: Mazungumzo na Makatibu wa Vyama vya Msingi



Jambo nililoombwa kulizungumza halimo katika vitabu vya ukaguzi nilivyofundishiwa. Baadhi ya vyama vyetu sasa huandikiwa programu za mizani na za malipo ya wakulima na vijana wanaosaidiwa na zana za akili mnemba. Kazi huenda upesi, nami siilaumu. Lakini zana hizo hupimwa, na wanaokijua kipimo chake ni wachache.

Kipimo chenyewe ni tokeni, yaani vipande vya maneno. Huhesabiwa yale unayopeleka pamoja na yale unayojibiwa, na kwa kawaida jibu ndilo ghali zaidi. Tena kila unapouliza swali jipya, mazungumzo yaliyotangulia hupelekwa upya pamoja nalo. Kwa hiyo swali la jioni lenye maneno matano laweza kula kuliko swali la asubuhi la ukurasa mzima. Ndiyo maana mjuzi hufungua mazungumzo mapya kwa kila kazi mpya, wala hapeleki mfumo mzima wa chama ili arekebishe stakabadhi moja.

Kila kampuni ina kanuni zake. Mwezi Juni 2025, GitHub Copilot ilianza kuhesabu maombi maalumu: mpango wa Pro wa dola 10 kwa mwezi ulipewa 300, na kila la ziada lilitozwa senti 4 za dola. Hesabu ilianza upya tarehe 1 ya mwezi, saa sita usiku ya Greenwich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Claude Code ilikuwa na vipindi vya saa tano, kisha tangu Agosti 28, 2025 kikaongezwa kikomo cha wiki. Cursor nayo ilibadili bei Juni mwaka huo. Wateja walishtushwa na ankara, na mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi na kuahidi kurudisha fedha. Basi katibu asitegemee karatasi ya mwaka jana.

Katika chama kimoja kikomo kilifika usiku wa kuamkia siku ya malipo. Makato ya pembejeo yalikuwa yamebadilishwa katika ukurasa mmoja na bado katika mwingine. Asubuhi wakulima walisimama dirishani, wakarudi makwao bila fedha. Nakala ya programu iliyokuwa ikifanya kazi jana yake haikuwa imehifadhiwa. Ingehifadhiwa, malipo yangefanyika.

Matumizi ya ziada yasiachwe wazi kwa kadi ya chama. Kamati iweke kiwango cha juu, kiandikwe katika muhtasari wa kikao. Akaunti moja isitumiwe na watu watatu, kwani hiyo ni sawa na ufunguo wa ghala usiojulikana uko kwa nani. Fungueni daftari dogo: tarehe, kazi, kiasi kilichotumika asubuhi na jioni. Katika Claude Code, amri ya /usage huonyesha kiasi hicho.

Nitakapofika kwenu kwa ukaguzi nitaliomba daftari hilo pamoja na leja ya fedha taslimu.