Ripoti Isiyoishia Kabatini

Neno "tume" limechakaa masikioni mwetu. Ajali ikitokea, tume huundwa. Ripoti ikikabidhiwa, picha hupigwa, kisha kabati hufungwa. Ndiyo maana leo nawaletea habari za jaji mmoja wa Scotland, William Douglas Cullen, aliyejulikana zaidi kama Lord Cullen.

Alizaliwa mwaka 1935, akawa jaji mwaka 1986. Usiku wa Julai 6, 1988, mtambo wa mafuta wa Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, ulilipuka. Watu 167 walikufa. Cullen akakabidhiwa uchunguzi.

Ingekuwa rahisi kumtafuta fundi mmoja wa kumtwisha mzigo wote. Jaji alisikiliza ushahidi kwa siku 180. Ikabainika kwamba pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo, valvu yake ya usalama imeondolewa. Karatasi ya kibali ilikuwapo, lakini habari haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Wakaiwasha pampu, gesi ikavuja. Moto ulipokwisha kuwaka, mitambo jirani iliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea huko huko!

Ripoti ilitoka Novemba 1990 ikiwa na mapendekezo 106. Serikali ya Uingereza iliyakubali yote. Wizara ya Nishati, iliyokuwa ikishughulikia pia uchimbaji wenyewe, ilinyang'anywa usimamizi wa usalama, ukapewa chombo kingine. Kampuni zikatakiwa kuonyesha kwa maandishi jinsi zinavyozuia hatari kwenye kila mtambo.

Machi 1996, mtu mwenye bastola aliua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane. Aliyeitwa kuchunguza ni Cullen yule yule. Alipendekeza masharti makali. Wanasiasa, wakisukumwa na kilio cha wazazi, walikwenda mbali zaidi, na mwaka 1997 karibu bastola zote za watu binafsi zikapigwa marufuku. Baadaye alichunguza ajali ya treni ya Ladbroke Grove, London, ya mwaka 1999, iliyoua watu 31. Kuanzia 2001 hadi 2005 alikuwa jaji mkuu wa Scotland.

Jaji hafufui wafu. Lakini mimi, niliyekwishasoma hewani majina ya wajumbe wa tume nyingi, nasema hivi: ripoti ikitoka, tusiulize ina kurasa ngapi. Tuulize nani ameagizwa kufanya nini, na mwisho wake lini.