Betri Dhaifu na Uhai wa Leza: Mada kwa Mafundi wa Nakivale na Mbarara



Leza za mkononi zinazoletwa kwenye vibanda vyetu vya Base Camp, Juru na Rubondo si za aina nyingi. Kuna kalamu za walimu, pimamaji za leza za waashi, na vidude vya watoto vya kutundika kwenye funguo. Malalamiko ya mteja karibu siku zote ni yale yale: mwanga umefifia. Betri dhaifu peke yake ni nadra kuua leza. Inayoiua ni tiba tunayoipa, na daiodi ikishakufa ni safari ya kwenda kutafuta nyingine Mbarara, wakati mwingine Kampala.

Daiodi ya leza nyekundu ya nanomita 650 huwaka kwa takriban volti 2.2, ya buluu huhitaji kati ya 4 na 5. Hata hivyo, cha kuangalia hasa ni mkondo. Kila daiodi ina kizingiti chake: mkondo ukiwa chini ya hapo inang'aa kama LED ya kawaida tu, ukipita hapo ndipo inapokuwa leza. Baada ya kizingiti, volti ikipanda kidogo mkondo unaruka sana, na ziada hiyo huunguza uso wa daiodi kabla hujapepesa jicho. Ndiyo sababu kati ya betri na daiodi kunawekwa saketi ya kushika mkondo, tunayoiita draiva.

Kidude cha funguo hakina draiva ya maana. Kina rezista moja na betri tatu za kitufe aina ya LR44, jumla volti 4.5. Betri hizo zina ukinzani mkubwa ndani yake, na mtengenezaji ameutegemea ukinzani huo uwe sehemu ya saketi. Zikichoka, mwanga unapungua polepole, kisha unabaki mng'ao tu. Hapo hakuna kilichoharibika. Balaa huja pale fundi anapomwonea huruma mteja asinunue vitufe tena, akamuungia kwa waya betri tatu mpya za AA. Multimita inasoma volti 4.5 zile zile, lakini ule ukinzani mkubwa haupo tena, na daiodi inaungua.

Draiva za LM317 tunazojiundia wenyewe zina tabia nyingine. Kipande hicho huchukua volti 1.25 kwenye rezista yake na nyingine kama 1.6 ndani yake, ukiongeza 2.2 za daiodi nyekundu, unahitaji karibu volti 5. Seli moja ya lithiamu haifiki huko hata ikiwa imejaa. Draiva inabaki wazi kama bomba, haidhibiti chochote.

Penye kazi kubwa ni draiva za kupandisha volti, zilizomo kwenye pimamaji nyingi za seli moja ya 18650. Draiva ya namna hii hung'ang'ania kutoa nguvu ile ile hata betri ikishuka. Tuseme inavuta wati 1.2. Betri ikiwa na volti 4, mkondo unaotoka kwenye betri ni ampea 0.3, ikishuka hadi volti 3, mkondo unapanda hadi 0.4. Kwa hiyo betri inavyozidi kuchoka ndivyo inavyokamuliwa zaidi, na volti yake inazidi kuporomoka. Mwishowe kidhibiti cha draiva kinazima, betri inapumua, volti inapanda, kidhibiti kinawasha tena. Mwashi anaona mstari unapepesa. Kwenye draiva za bei ya chini, kila kuwaka huko kunaweza kuja na mrupuko mfupi wa mkondo, na hiyo ndiyo hali pekee ambayo betri dhaifu yenyewe inaitafuna daiodi.

Seli tunazochomoa kwenye betri za kompyuta mpakato zinatudanganya hapa. Seli ikiwa imekaa tu, inasoma volti 3.9 na inaonekana nzima. Washa leza, shikiza ncha za multimita kwenye seli, na utaiona ikishuka 3.6, 3.3, 3.1. Inayoshuka hivyo imechoka. Isiposhuka, pima kwenye bodi ya draiva. Ikiwa kwenye seli kuna 3.8 na kwenye bodi 3.2, seli haina kosa. Safisha springi na swichi.

Sasa ile skurubu ndogo ya kurekebisha mkondo kwenye draiva. Nawasihi, msiiguse kabla ya kuweka betri nzima. Ukiikaza ili leza ing'ae kwa betri iliyochoka, unamrudishia mteja kifaa kitakachoungua siku atakapoweka betri mpya. Kisipoungua, kitatoa mwanga wa kudhuru macho, na watakaokichezea ni watoto.

Kuhusu macho, jihadharini zaidi na kalamu za kijani. Nyingi ndani yake zina daiodi ya infraredi ya nanomita 808. Fuwele moja huugeuza mwanga huo kuwa 1064, nyingine huufanya 532, ambao ndio kijani. Mkondo ukipungua, kijani hufifia haraka kuliko infraredi isiyoonekana. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kalamu iliyoandikwa miliwati 10: kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilikuwa inatoa karibu miliwati 20 za infraredi, kwa kuwa haikuwa na kichujio. Mwanga usioonekana haulifanyi jicho lipepese. Kwa hiyo kijani kilichofifia kisichunguliwe kamwe.

Kupima draiva bila kuhatarisha daiodi, chomoeni daiodi tatu za 1N4007 kwenye chaja mbovu, ziungeni mfululizo pamoja na rezista ya omu 1, na ziwekeni mahali pa leza nyekundu. Milivolti 100 kwenye rezista ni miliampea 100. Draiva inayotegemea fotodaiodi haipimwi hivi, maana isipoona mwanga hufungulia mkondo wote. Mkimaliza, ondoeni betri na mmalize kwa rezista chaji ya kapasita ya upande wa kutokea kabla ya kuirudisha leza. Chaji iliyobaki humo inatosha kuiunguza.