Uji Uliolipiwa na Uji Ulionywewa: Namna ya Kupima Makosa ya Malipo katika Malezi ya Nyumbani



Mada niliyopewa ni uchunguzi wa makosa ya malipo pale Serikali inapogharimia chakula cha watoto wanaolelewa majumbani. Sisi hatujafika huko. Mama wa hapa Bangwe, Kigoma Ujiji, anayemwacha mtoto kwa jirani alfajiri ili awahi dagaa mwaloni humlipa jirani huyo mwenyewe, kwa fedha au kwa kitoweo. Fungu la lishe la halmashauri, lililozoeleka kuhesabiwa kwa shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, haliwezi kubeba mzigo huo. Lakini tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto izinduliwe Desemba 2021, habari ya vituo vya malezi vya kijamii inasikika kila mahali. Siku fedha ya chakula ikija, itakuja na daftari, na ni heri tulijadili mapema.

Wenye uzoefu mrefu ni Wamarekani. Wizara yao ya Kilimo ina mpango wa kulisha watoto walio katika malezi, uliochipuka kutokana na majaribio ya 1968, na walezi wa nyumbani wamo. Mlezi halipwi kwa stakabadhi za sokoni. Hulipwa kiwango maalumu kwa kila mlo na kila mtoto, bila kuzidi milo miwili na kitafunwa kimoja, au mlo mmoja na vitafunwa viwili, kwa mtoto kwa siku. Hadai Serikalini moja kwa moja, bali kupitia taasisi ya udhamini inayomkagua mara tatu kwa mwaka, mbili kati ya hizo bila taarifa. Sheria ya 1996 iliwagawa walezi katika madaraja mawili: anayeishi eneo la watu maskini, au aliye maskini mwenyewe, hulipwa zaidi.

Makosa basi yana milango miwili: daraja na idadi. Daraja ni rahisi kulipima, kwa kuwa karatasi zipo ofisini. Unazitoa sampuli na kuzihakiki upya. Idadi ya milo ndiyo iliyowatoa jasho. Sheria yao ya 2002 ilizitaka wizara zikadirie malipo yasiyo sahihi, lakini nani alikuwepo jikoni Jumanne iliyopita? Ukimpeleka mtazamaji akae siku nzima, mlezi atapika vizuri siku hiyo, na gharama ya mtazamaji inaishinda thamani ya uji. Ukilinganisha madai na hesabu ya siku ya ukaguzi, umepata siku moja tu. Wakafikiria kuwauliza wazazi. Mzazi anaijua saa aliyomleta mtoto na saa aliyomchukua. Alichokula katikati hakijui. Kwa maoni yangu hiyo saa inatosha kwa mengi: mtoto aliyechukuliwa saa nne asubuhi hawezi kudaiwa chakula cha mchana.

Tusiwacheke. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 na fedha zikafuata idadi ya vichwa, wanafunzi hewa walijaa kwenye orodha zetu.

Sasa turudi Bangwe, maana sisi tuna shahidi ambaye Wizara ya Kilimo ya Marekani haina: mwezi. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutaka giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, vichanja vya kuanikia dagaa hubaki vitupu, na mama wengi hawana sababu ya kuamka saa kumi usiku. Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Daftari lenye watoto kumi na wawili wakati wa giza, kumi na wawili wakati wa mbalamwezi, na kumi na wawili ziwa likiwa limefungwa, ni daftari la kuulizwa. Nasema kuulizwa, sio kushtakiwa. Wapo mama wanaouza maandazi au kufanya kazi mjini, na watoto wao hawafuati mwezi. Kalenda ya uvuvi itusaidie kuchagua nyumba ya kutembelea kwanza, isimhukumu mtu.

Kuna swali gumu kuliko hilo, nalo ni nani ahesabiwe. Wamarekani wanamruhusu mlezi kudai mlo wa mtoto wake mwenyewe endapo kipato chake ni kidogo na watoto wa nje wanakula pamoja naye. Hapa kwetu nyumba ya bibi ina wajukuu, mtoto wa mdogo wake aliyekwenda Kalemie ng'ambo ya ziwa, na watoto wa jirani wanaosikia harufu ya uji. Bibi hatamfukuza mtoto sinia likiwa chini. Akimwandika, mkaguzi ataita udanganyifu. Asipomwandika, uji unatoka mfukoni mwake. Kanuni isipolijibu hili tangu mwanzo, tutazalisha wakosaji ambao hawakukusudia kosa lolote.

Na tukumbuke kwamba malipo pungufu nayo ni makosa. Mlezi asiyeandika haraka huruka siku, huchanganya tarehe, na mwisho wa mwezi hudai chini ya haki yake. Huyo hakuna atakayemfuatilia, kwa kuwa hasara si ya Serikali. Napendekeza mistari ya mkaa ubaoni kila mlo, inakiliwe daftarini jioni, na kadi ibaki kwa mama ikionyesha saa ya kuleta na kuchukua tu.

Naomba kabla hatujatawanyika tukubaliane pendekezo moja la kupeleka ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma Ujiji: kanuni ya nani ahesabiwe iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa, na walezi wa Bangwe wawemo katika kuiandika.