Bibi Titi na Daftari Letu
(Maneno ya Mama Mlezi siku ya sherehe ya miaka kumi)



Nimeombwa nizungumzie mwanamke kiongozi. Nimemchagua Bibi Titi Mohamed. Barabara yenye jina lake hapa Dar es Salaam tunapita kila siku, tumebanana kwenye daladala, wala hatuulizani alikuwa nani.

Alizaliwa hapa hapa mwaka 1926. Shule alisoma kidogo tu. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, kikundi chake kikiitwa Bomba. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza TANU, wanawake wenu wako wapi? Ndipo akaletwa Bibi Titi. Sasa sikilizeni, jamani, hapa ndipo penye utamu. Hakuanza na makaratasi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wale wale waliozoea kuchangiana kwenye arusi na misiba, akawaambia waje na watu wao. Haukupita muda wanawake wenye kadi wakawa maelfu. Vikundi vya namna hii yetu ndivyo vilivyokibeba chama, ingawa vitabuni tunasoma zaidi habari za wanaume.

Baada ya Uhuru alikuwa mbunge, akawa Waziri Mdogo, na UWT ilipoundwa 1962 akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1965 akakosa kiti cha Bunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likakataza kiongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, basi akajiuzulu Kamati Kuu. Mimi na Azimio sina ugomvi, lakini mwanamke asiye na shahada wala pensheni, nyumba ndiyo akiba yake. Hilo halihitaji kuelezwa humu ndani.

Oktoba 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini. Akakana, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia. Alirudi mtaani kimya kimya, na miaka mingi ikapita jina lake halitajwi mbele za watu. Alifariki Novemba 2000 huko Afrika Kusini.

Kwa nini nimesema yote haya? Nimeona rasimu ya kijitabu hiki. Ukurasa wa waanzilishi una majina kumi na moja. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Mwenzetu mmoja aligombana na kamati kuhusu mikopo, akaondoka, na fedha zake alilipwa mpaka senti ya mwisho. Nani alikosea, mimi siamui leo. Ila mkutano wa kwanza tulikalia mkeka wake, chai tulikunywa yake, na sanduku la fedha lililala chini ya kitanda chake miezi minane bila kupungua shilingi.

Ndugu Katibu, naomba kabla hakijakwenda kwa mpiga chapa, jina lake lirudishwe. Kwenye daftari yeye ni namba tatu.